Nilikudhani Dhahabu: Makosa Niliyoyafanya Nikiuza Khanga Mtandaoni

Mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 2019, mteja wangu mmoja wa Tanga aliagiza doti moja ya khanga ampelekee mama mkwe wake siku ya Idi. Alikuwa ameiona kwenye ukurasa wangu wa Instagram: khanga nyekundu yenye pindo la korosho, nimeikunja vizuri juu ya kaunta na kuipiga picha kwa pembeni, kama nilivyowaona wenzangu wakifanya. Aliuliza bei, akalipa kwa simu, nami nikaupeleka mzigo kwa wakala wa basi siku hiyohiyo huku nikijiona mfanyabiashara wa kisasa. Siku ya Idi jioni nikapokea ujumbe wa sauti ambao sikuweza kuusikiliza hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Khanga ilifunguliwa sebuleni mbele ya ukoo mzima, na wifi yake, mwanamke mwenye sauti inayofika mbali, akayasoma maandishi yake kwa wote waliokuwepo: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu."

Mteja hakuuliza khanga imeandikwaje kwa sababu aliamini kwamba mimi, muuzaji, nisingeweza kulificha jambo kubwa kama hilo. Nami sikulificha kwa makusudi, lilikuwa limeingia ndani ya mkunjo, na maelezo niliyoyaweka chini ya picha yalisema tu: "Mzigo mpya umeingia, bei njoo inboksi." Katika sentensi hiyo moja nilikuwa nimefanya makosa mawili au matatu kati ya yale ninayotaka kuyaeleza hapa, na tangu siku hiyo nimefanya mengine mengi.

Nina fremu ndogo Kariakoo ninayoshirikiana na mama yangu mdogo, ambaye alianza kuuza khanga Mtaa wa Uhuru kabla mimi sijazaliwa. Ukurasa niliufungua mwaka 2017, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nikikosea mtandaoni ni kwa sababu sijaielewa vyema teknolojia: sijui saa nzuri ya kuweka picha, sijui mfumo unavyochagua nani aione, sijui programu gani inapendezesha video. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini nikiyapitia makosa yaliyonigharimu fedha na wateja, karibu yote ni mambo ambayo mama mdogo angenizuia nisiyafanye kama angeniona nikiyafanya mbele ya kaunta. Ukiwa na simu mkononi unajiona uko kwenye kipaza sauti, na mtu aliye kwenye kipaza sauti husahau adabu ambazo dukani hazimtoki.

Tuanze na picha, kwa kuwa ndiyo iliyoniumbua. Khanga ina sehemu tatu ambazo kila mnunuzi wa pwani anazijua: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Wapo wanaonunua rangi, lakini wengi hununua jina, kwa sababu jina ndilo linalomfikia yule anayepewa, au yule jirani anayekusudiwa alisome wakati mwenye khanga anapita. Dukani hakuna muuzaji anayemwonyesha mteja khanga iliyokunjwa na kutarajia alipe. Huitandaza, huinyoosha, husoma jina kwa sauti, na mama mdogo huongeza na maelezo ya hali ambazo jina hilo linafaa na ambazo halifai kabisa. Mtandaoni niliitupa kazi hiyo yote kwa ajili ya mkunjo wa kupendeza. Siku hizi kila khanga huipiga picha tatu: moja ikiwa imetandazwa yote, moja ya jina peke yake likisomeka bila kukuza, na moja nikiwa nimeishika mlangoni kwenye mwanga wa jua. Hiyo ya tatu niliiongeza baada ya malalamiko, kwa sababu taa nyeupe za ndani huifanya zambarau ionekane bluu, na kuna bibi harusi mmoja ambaye kamati yake nzima ilipokea sare ya rangi ambayo hawakuichagua.

Kosa linalofanana na hilo ni kuchukua picha za watu wengine. Mwaka wangu wa kwanza nilizichukua kwenye kurasa za wauzaji wa jumla, nikizifuta maandishi pembeni, kwa hoja kwamba mzigo ni uleule. Mzigo haukuwa uleule. Kiwanda hubadilisha rangi bila kumwuliza mtu, na jina linalouzwa leo huenda lisichapwe tena mwezi ujao. Nilijikuta nikiuza picha kisha nikizunguka Kariakoo kutafuta nguo inayofanana nayo, na mara nyingine niliinunua kwa bei iliyokaribia kabisa ile niliyokwisha kulipwa. Picha mbaya ya khanga yako mwenyewe ni heri kuliko picha nzuri ya khanga usiyokuwa nayo.

Kuhusu bei, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu najua nitabishiwa. "Bei njoo inboksi" ni maneno ambayo wafanyabiashara wengi wa mtandaoni tumeyatumia, na kila mmoja ana sababu zake. Ya kwanza ni kwamba jirani ataiona bei yako na kushusha yake. Jirani anaijua bei yako tayari. Amemtuma kijana akaulize, kama wewe ulivyomtuma wa kwako. Ya pili ni kwamba kuna bei ya jumla na bei ya rejareja, na mteja wa rejareja akiiona ya jumla atalalamika. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuandika bei ya rejareja na kueleza kwamba anayechukua kuanzia doti kadhaa ana bei yake, awasiliane nasi. Ya tatu, ambayo hatuisemi wazi, ni kwamba tunataka kumpima mteja kabla ya kumtajia: anaandika kutoka wapi, picha yake ikoje, anaonekana ana uwezo gani. Hapo ndipo penye aibu. Dukani mteja akiuliza bei, maongezi ndiyo yanaanza. Atashangaa, atacheka, atataja nusu yake, nawe utaapa kwamba umenunua kwa zaidi ya hapo, na mwishowe mtakubaliana. Bei ni mlango wa maongezi. Mtandaoni mtu mwenye haya, aliyekaa kwenye daladala saa moja jioni, hataki kuufungua mlango ambao hajui nyuma yake kuna nini; anaogopa kuuliza kisha ashindwe kununua. Anapita. Wewe hutajua kamwe kwamba alipita, na hiyo ndiyo hasara mbaya kuliko zote, kwa kuwa haiandikwi popote.

Nilipoanza kuandika bei, idadi ya ujumbe ilipungua, na mwezi wa kwanza niliogopa. Baadaye nikaona kwamba waliopungua ni wale wa "bei gani?" wanaotoweka ukishawajibu, na waliobaki walikuwa wakianza na "nataka hiyo, nipo Mbagala."

Mama mdogo hana akaunti yoyote, lakini siku moja nilimwonyesha ukurasa wa mwenzetu mmoja uliokuwa na wafuasi wengi. Juu kabisa, mahali pa kujieleza, palikuwa pameandikwa: wateja siriasi tu, usiulize kama hununui, bei haipungui, mzigo ukitoka haurudishwi, simu za usiku hazipokelewi. Aliusoma pole pole, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hili ni tangazo la duka au la kituo cha polisi?" Nilicheka, kisha nilipofika nyumbani nikafuta mistari miwili kwenye ukurasa wangu. Uchovu unaozaa maneno hayo naujua. Anayejibu maswali yaleyale mara mia kwa siku hatimaye humwona kila anayeuliza kuwa msumbufu. Ila mteja mpya hakuwa miongoni mwa wale tisini na tisa waliokusumbua. Yeye anauliza kwa mara ya kwanza. WhatsApp Business, iliyoanza mwezi Januari 2018, ina nafasi ya kuhifadhi majibu ya maswali yanayojirudia na sehemu ya kupanga bidhaa kwa picha na bei, na kwa mtu mwenye fremu moja hivyo viwili vinatosha kuituliza hasira. Hata hivyo jibu la mashine libaki kwa mambo ya mashine, kama vile duka lilipo na saa za kufungua. Anayeuliza kama khanga fulani inafaa kupelekwa msibani ajibiwe na mtu.

Mwaka 2018 nilinunua wafuasi. Kijana mmoja aliniuzia elfu kumi kwa bei ambayo sasa naona haya kuitaja, na kwa siku mbili nilikuwa tajiri. Walitoka wapi sijui. Majina yao yalikuwa na tarakimu nyingi kuliko herufi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza duka liko mtaa gani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mitandao hii hutazama jinsi watu wanavyolipokea chapisho ndipo iamue kulisambaza zaidi au kuliacha, na wafuasi wa kununuliwa hawapokei chochote kwa kuwa hawapo. Wateja wangu wa kweli, wachache na waaminifu, walikuwa wamefunikwa na umati wa mizuka. Mwezi Novemba mwaka huohuo Instagram ilitangaza kwamba inaanza kuondoa wafuasi, pongezi na maoni yanayotengenezwa kwa programu za nje. Idadi yangu ilipoanza kushuka, mama mdogo aliniuliza kama kuna mtu nimemkosea.

Bahati nasibu za "taja marafiki watano ushinde doti" zina ugonjwa huohuo, ila zenyewe huleta watu wa kweli, ambao huondoka wakishajua nani ameshinda. Nilizifanya mara mbili tu.

Matangazo ya kulipia ni somo jingine, na kosa langu lilikuwa la uvivu. Nilibonyeza kitufe cha kukuza chapisho, nikachagua Tanzania nzima, wanawake kwa wanaume, umri wowote, nikalipa, nikasubiri. Fedha iliisha ndani ya siku mbili, na nilichovuna ni ujumbe wa vijana wa kiume walionisalimia tu. Baadaye nilijifunza kuchagua wanawake wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, na muhimu zaidi nikajifunza kuchagua wakati. Nguo ya Idi haitangazwi wiki ya Idi. Anayenunua dera la kushona anahitaji fundi, na fundi cherehani anayeaminika hufunga oda mapema katika Ramadhani. Aliye mkoani anahitaji pia siku za basi. Tangazo langu la thamani kubwa kuliko yote sasa huwa ni la Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, wakati wengine wamenyamaza. Najua wataalamu husema chapisha kila siku bila kukosa. Mimi naona kalenda ya sherehe, misimu ya harusi na mwisho wa mwezi watu wanapolipwa mishahara vina nguvu kuliko ratiba ya kila siku.

Na maneno nayo yana mipaka yake. Kwa miaka miwili niliandika "khanga" tu kwenye maelezo na kwenye alama za reli, nikishangaa kwa nini sipati wateja wa Mombasa, ilhali kule wanaojua nguo hii ni wengi na wengine huchunguza kwanza kama kitambaa kina alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", chapa ya nyumba ya biashara iliyoanza mjini humo mwaka 1887. Mmoja wao ndiye aliyenizindua: "Dada, mbona huuzi leso?" Kule khanga huitwa leso, na anayetafuta leso hatakukuta ukijiita khanga. Vivyo hivyo niliwahi kutangaza kwamba nitakuwa mubashara "saa 2:00 usiku", nikasahau kwamba baadhi ya wafuasi wangu wamekulia Ulaya na huisoma tarakimu hiyo kwa saa ya kizungu. Mmoja aliniandikia kwamba amekesha akinisubiri. Siku hizi huandika saa zote mbili.

Kuna kosa moja ambalo sikulipata kwa uzembe bali kwa kujipanga kupita kiasi. Nilikuwa nimejifunza kuandaa machapisho ya wiki nzima mapema, yajitume yenyewe. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli. Sikulala vizuri, na asubuhi sikukumbuka kabisa habari za ukurasa. Saa tatu kamili ukurasa wangu ukaibuka na tangazo la rangi za kung'aa, vinubi na ngoma, likisema "Shangwe! Ofa ya kufa mtu." Nililifuta baada ya dakika arobaini hivi. Wapo walioelewa, na wapo wasiorudi tena. Chombo cha kupanga machapisho bado nakitumia, lakini kabla ya kulala huitazama orodha ya kesho kama mtu anavyokagua kama ameufunga mlango, na maneno ya kuchezea kifo nimeyaacha kabisa.

Kosa lililonifundisha kwa uchungu zaidi lilihusu picha za wateja. Kamati moja ya harusi ilinunua kwangu sare za khanga, na mmoja wao akanitumia picha za sherehe kwa furaha. Nilizichapisha zote. Sherehe ile ilikuwa ya wanawake watupu, baadhi yao wakiwa bila ushungi, jambo ambalo hawangelifanya mbele ya wanaume wasiowahusu, sembuse mbele ya watu wote wenye simu. Aliyenitumia picha aliniamini mimi. Wenzake hawakuwa wamekubali chochote. Niliomba radhi kwa kila mmoja, na wawili walinijibu. Upande wa sheria nao haukuwa mwepesi kama nilivyodhani: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mimi nisingekuwa na cha kulipa. Sasa huomba ruhusa kwa maandishi, kwa kila anayeonekana usoni, na mara nyingi huishia kuchapisha picha ya migongo, ambayo kwa khanga si hasara kwa sababu jina la nguo husomeka vizuri zaidi nyuma.

Limebaki la kuegemea mti mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, na nilikaa kaunta nikiwa sina namba ya mteja hata mmoja nje ya programu hizo. Waganda walikuwa wameshalionja zaidi yetu, kwa kuwa Facebook ilifungwa nchini mwao tangu Januari ya mwaka huo, wakati wa uchaguzi. Nasi tukaja kukatiwa intaneti tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na ilirejea baada ya siku kadhaa. Rafiki yangu yeye aliupoteza ukurasa wa miaka sita kwa dakika moja, alipomtajia mtu aliyejifanya mfanyakazi wa mtandao tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Ulinzi wa hatua mbili hakuwahi kuuwasha. Alikuwa ameahirisha, kama sote tunavyoahirisha. Mama mdogo, kwa upande wake, ana daftari la kaunta lenye jina la mteja, mtaa, simu, na alichonunua mara ya mwisho, na nilikuwa nikilicheka. Baada ya Oktoba 2021 nilinunua la kwangu. Safu ya mwisho nimeiandika "amenijuaje", na humo ndimo nilimogundua kwamba wengi wanaonunua sare kwa wingi hawatoki kwenye ukurasa wenye pongezi nyingi, bali kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati za harusi, ambako mteja mmoja aliyeridhika ametuma picha na namba yangu bila mimi kumwomba.

Katika daftari hilo, ukurasa wa nne, yumo pia yule dada wa Tanga. Nilimtumia doti nyingine bila malipo, yenye jina la kumsifu mama, pamoja na ujumbe wa kumwomba radhi mama mkwe, na kwa muda mrefu hakunijibu. Alirudi mwaka 2022. Huagiza mara tatu au nne kwa mwaka, hulipa kwa wakati, wala hajawahi kuomba apunguziwe. Lakini hata nikimtumia picha ya jina likisomeka herufi kwa herufi, kabla ya salamu na kabla ya bei huniandikia kwanza, "Dada, hebu nisomee wewe mwenyewe," na mimi humtumia ujumbe wa sauti, nikalisoma lote polepole.